Lushoto asubuhi, Mbezi jioni

Jamani, nimerudi Dar.

Asubuhi nilikuwa Lushoto, nimejifunika blanketi zito, dirishani ukungu mtupu. Kelele za kule ni jogoo wa jirani tu. Nikabeba begi langu la mgongoni, tukashuka zile kona za kwenda Mombo, na joto likatupokea kabla hatujafika chini.

Segera, Chalinze, Kibaha. Usingizi wa kuungaunga.

Halafu Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Hata sijakanyaga chini, begi limeshashikwa. "Sista, boda! Anti, bajaji! Mama, unaenda wapi?" Umri wangu ulipanda na kushuka pale pale mlangoni.

Nikadandia daladala. Konda anagonga bati: "Sogea nyuma, nyuma kuna nafasi!"

Nyuma hakuna nafasi. Wote tunajua. Na tunasogea.

Ila kilichonimaliza ni sweta.

Nimebanwa, mikono hainyanyuki, siwezi kulivua. Jasho linatiririka mgongoni, na sweta lenyewe likaanza kutoa harufu ya moshi wa kuni wa kule jikoni kwa mwenyeji wangu. Dada aliyekaa karibu yangu akanusa, akaniangalia.

"Umetoka wapi wewe?"

"Lushoto."

"Na hujaleta hata karoti?"

Siti za nyuma zote zikacheka. Nami nikacheka, huku nimekanyagwa.

Sasa nipo Sinza, feni inazunguka, baa ya jirani ndiyo kwanza inafungua spika.

Nyie mkishuka kutoka milimani, Dar mnaizoeaje tena? Na nani ameshalala kule Amani, Muheza? Nishaanza kupanga.