Embe la Tabora halipigwi fimbo

Desemba ukishuka stesheni ya Tabora, beseni la maembe linakufikia kabla ya bodaboda. Mji huu na miembe ni wenzi wa siku nyingi. Njia ya misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo iligawanyika hapa, moja ikienda Ujiji na nyingine ikipanda kaskazini kuelekea Ziwa Victoria, na miembe ikapandwa kandokando. Hali ya hewa nayo ikaupokea mti: maua yanachanua kwenye ubaridi mkavu wa katikati ya mwaka, hakuna mvua ya kuyaozesha. Cha kuogopa zaidi wakati huo ni ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaopukutisha vishada vya maua.

Dodo ndilo linalosafirishwa: kubwa, nyama nene, nyuzi chache. Yale madogo ya kienyeji yana nyuzi za kung'ang'ania meno, lakini kwa kufyonza na kwa juisi hayana mpinzani.

Sasa, kwa nini dodo zuri la Tabora linafika Dar likiwa na madoa meusi na kikonyo kilichooza? Lawama hupewa gari. Gari lina sehemu yake, ila embe huwa limeshauawa mtini.

Kwanza watu huchanganya kukomaa na kuiva. Embe la safari huchumwa likiwa limekomaa, bado gumu. Tazama mabega: kwa embe changa yameteremka kutoka kwenye kikonyo, kwa lililokomaa yamejaa na kuinuka mpaka kikonyo kinaonekana kimekaa shimoni. Ukiwa na shaka, pasua moja. Nyama iliyo karibu na kokwa ikiwa imeanza umanjano, shamba liko tayari. Ikiwa nyeupe, subiri. Embe changa halivundikiki. Litasinyaa, litalainika, na litabaki chachu.

Pili ni kuangua kwa fimbo au kwa kutikisa tawi. Embe lililoanguka chini halionyeshi kitu siku hiyo. Siku ya tatu au ya nne ndipo pale lilipogonga panapobonyea na kuwa kahawia, na wakati huo mnunuzi yuko mbali. Tumia upembo wenye mfuko wa wavu mdomoni, au mmoja apande na mwingine apokee kwa gunia lililotandazwa.

Tatu, na hili ndilo linalopuuzwa kuliko yote, ni utomvu. Ukikwanyua embe usawa wa ngozi, utomvu hufyatuka na kuchuruzika, na unapopita unaunguza. Hayo ndiyo madoa meusi ya michirizi ambayo wengi huyaita ugonjwa. Kata ukiacha kikonyo kirefu, urefu wa kidole hivi. Ukifika kivulini, kifupishe mpaka sentimita moja na ulilaze embe mara moja kikonyo kikitazama chini, juu ya fito au majani makavu, lisiguse udongo. Nusu saa mpaka saa moja linakuwa limekwisha kuchuruzika. Ukiona utomvu umegusa ngozi, suuza kwa maji safi papo hapo, ukishakauka hautoki.

Kuhusu kufunga, maneno machache: lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, ni adui. Embe la chini linabeba gunia zima. Kreti ya plastiki au tenga lililotandikwa nyasi kavu, tabaka tatu, basi.

Kuvundika kunataka subira ya siku tatu mpaka tano. Panga maembe kwenye boksi lenye matundu, weka ndizi mbivu mbili katikati, funika kwa magazeti, weka kivulini. Ndizi hutoa gesi ya ethilini inayoamsha embe. Usifunike kwa turubai juani: joto likizidi, ngozi hubaki kijani na nyama huwa na ladha ya kuchemka. Wala usitie embe bichi kwenye friji, maana chini ya nyuzi 10 hivi linaumia na haliivi tena vizuri. Wanaotumia kabidi, ile kemikali ya kuivishia haraka, wanapaka rangi tu. Nje njano, ndani chachu, na kabidi ya viwandani inaweza kuwa na chembe za aseniki.

Adui mwingine ni nzi wa matunda, hasa yule wa kutoka Asia (Bactrocera dorsalis) aliyegunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003. Jike hutoboa ngozi na kutaga ndani. Nje utaona kitone kama cha sindano. Mitego ya methili ujenoli, chambo cha harufu, hunasa madume peke yake, kwa hiyo usiitegemee ukiwa umeacha maembe yaliyoanguka yakioza chini ya mti. Humo ndimo mabuu wanamokulia. Okota kila siku, fukia futi mbili au zaidi.

Maembe yaliyogongwa lakini bado safi, fanya kama michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa. Ajabu ni kwamba watu wanaoanika viazi kila mwaka huacha maembe yakioza. Chagua yaliyoiva bila kulegea, menya, kata vipande vya nusu sentimita, panga kwenye chekeche lililoinuliwa na kufunikwa chandarua, visigusane. Kilo kumi mpaka kumi na tano za maembe hutoa kilo moja hivi. Kipande kikikunjika bila kukatika wala kunata vidoleni, kimekauka.