Jina la Mwingine Kifuani

Judogi yangu ya kwanza, yaani vazi la kuchezea judo, ilikuwa na jina la mtu mwingine. Ilifika Unguja ndani ya katoni la nguo zilizokwishatumika, zilizokusanywa na wanajudo wa Japani, na kifuani palishonwa kwa uzi mweusi herufi nne ambazo hakuna hata mmoja wetu klabuni aliyeweza kuzisoma. Magoti yalikuwa yametiwa viraka kwa mkono, mshono mdogo mdogo wa mtu asiye na haraka.

Sasa nafundisha watoto, na wapo wazazi wanaouliza tunapata nini kwa kuvaa nguo na adabu za watu wa mbali. Huwasimulia habari za Jigoro Kano, aliyeanzisha judo mwaka 1882 katika hekalu la Eishoji mjini Tokyo, kwenye ukumbi wa tatami 12 tu, yaani mikeka ya Kijapani ya kutandika sakafuni. Kazi yake hasa ilikuwa ualimu, na kuanzia mwaka 1896 alipokea wanafunzi kutoka China, akawaandalia masomo ambayo baadaye yalikua yakawa skuli kamili. Humo ndimo Lu Xun, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri wa Kichina, alimojifunza Kijapani. Kano aliacha pia msingi uitwao jita kyoei, yaani mimi na mwenzangu tustawi pamoja. Klabu nyingi huubandika ukutani, lakini mimi nauona zaidi mtu anapoanguka: kidevu kimebanwa kifuani, mkono mzima unaipiga tatami, na yule aliyekutupa bado ameshika mkono wa judogi yako na kuuvuta juu, ili kichwa chako kisigonge chini.

Ndiyo maana sheha alipotuomba tuufanyie mtaa jambo, sikutaka tena usafi wa ufukweni wa nusu saa, ambao picha zake huwa nyingi kuliko takataka zilizookotwa. Tuliamua kuwafundisha wazee kuanguka. Walikuja bibi wanane, na siku hiyo tulikuwa na mgeni, mwalimu wa judo kutoka Japani, ambaye alimwinamia kila mmoja wao bila ya kusema neno, nao, mmoja baada ya mwingine, wakamwitikia, "Marahaba." Nilipoanza kueleza habari za kidevu na kiganja, bibi mmoja aliyejifunga kanga kibwebwe alinikatiza.

"Kuanguka nimeshaanguka mara mbili, mwanangu, na sikufundishwa na mtu. Nifundishe kuinuka."

Somo likageuka papo hapo. Tulifanya mazoezi ya kulala chali, kugeukia ubavu, kuegemea kiwiko, kupiga magoti, kisha kushika kiti na kutanguliza mguu wenye nguvu, na tuliyarudia hadi karibu na alasiri. Mgeni wetu, aliyekuja kutufundisha mitupo, aliyachora yote katika daftari lake, akasema kwamba wazee wa mtaani kwake nao watayahitaji.

Mmoja wa wasichana waliokuwa wakishika viti siku ile karibu tumkose klabuni, kwa sababu mama yake alihofia kwamba atalazimishwa kuvua mtandio. Nilimweleza habari za Wojdan Shaherkani wa Saudi Arabia, aliyeshindana judo katika Olimpiki ya London mwaka 2012 nywele zake zikiwa zimefunikwa. Sikutaja kwamba alishindwa baada ya sekunde 82. Hilo mama aliligundua mwenyewe, akanicheka, na mtoto akaja.

Msichana huyo ndiye anayevaa judogi yangu ya zamani. Kabla mgeni hajaondoka nilimwomba asome jina la kifuani. La ukoo alilisoma bila ya kusita. La mtu mwenyewe lilimpa shida, kwani herufi hizohizo Wajapani huweza kuzisoma kwa namna zaidi ya moja, na akatutajia majina matatu yanayowezekana. Msichana ameshajichagulia moja kati ya hayo, na akiwa juu ya tatami ukimwita kwa jina lake la nyumbani hageuki.