Breki, kizima-mwako au kiwambo: kishindo unamwelekezea nani?

Bunduki ya .308 (upana wa risasi kwa inchi) inaitoa risasi ya gramu 11 kwa kasi ya mita 800 hivi kwa sekunde. Nyuma yake inafuata gesi ya gramu 3 za baruti iliyoungua, ikikimbia kuliko risasi yenyewe. Karibu theluthi ya teke linalokupiga begani linatokana na gesi hiyo. Basi chochote unachofunga kwenye mdomo wa mtutu kina kazi moja: kuamua gesi iende wapi, na kwa kasi gani.

Breki huitoa gesi ubavuni, pengine na nyuma kidogo. Gesi ikizigonga kuta za matundu huivuta bunduki mbele, na teke hupungua kwa asilimia 30 hadi 50. Kadiri baruti inavyokuwa nyingi kuliko uzito wa risasi, ndivyo breki inavyofaa zaidi. Ndiyo maana wenye bunduki ya .300 Winchester Magnum, yenye baruti nyingi, huipenda.

Lakini kishindo hakijaenda popote, kimegeuzwa njia tu. Bunduki ya .308 isiyofungwa kitu hulia kwa desibeli 165 hivi, wakati 140 ndicho kikomo kinachotumika kwa milio ya ghafla kama hii. Na desibeli hazihesabiki kama shilingi: kila zikipanda 6, mgandamizo wa hewa sikioni umekuwa maradufu. Breki inakuongezea kadhaa wewe uliyeshika bunduki, na aliyesimama ubavuni pako anaumia zaidi yako.

Hapa ndipo linaponigusa. Katika uwindaji wa nyati Tanzania, mwindaji bingwa anayeongoza msafara na wafuatilia nyayo husimama hatua moja au mbili kutoka kwa mteja, masikio wazi, kwa sababu wanamsikiliza mnyama kichakani. Mteja aliyepunguziwa teke la bunduki kubwa ya .375 H&H amewahamishia wao mzigo wake, na sikio lililokufa kwa mshindo halirudi. Wawindaji bingwa wengi humwambia mteja avue breki kabla ya kuingia porini, na wana haki. Kwa hiyo ukinunua breki, nunua na kofia ya kulinda meno (skrubu) ya mtutu. Breki itumie kwenye uwanja wa shabaha huku kila aliye karibu amefunika masikio. Ukishaivua, piga shabaha upya: mtutu uliopungua uzito mbele hutikisika tofauti, na risasi inaweza kutua sentimita kadhaa pembeni ya pale ulipozoea.

Kizima-mwako nitakipitia haraka. Hutawanya gesi ili isiwake ikikutana na hewa, basi. Hakipunguzi teke la maana, wala kishindo. Kama hupigi risasi gizani, hukihitaji.

Kiwambo cha sauti ndicho pekee kinachopunguza vyote vitatu: kelele, mfumuko wa gesi na teke. Kwa kawaida hupunguza desibeli 20 hadi 35, maana yake .308 inabaki jirani na ile 140. Bado vaa vizuia sauti masikioni. Na usitarajie bunduki ya kunong'ona kama za filamuni, kwani risasi inayoshinda kasi ya sauti, mita 343 kwa sekunde, hupasua hewa njia nzima na kiwambo hakina la kufanya. Gharama yake ni urefu, mara nyingi sentimita 15 hadi 20, na uzito wa gramu 300 hadi 500 mbele kabisa, mahali mkono unapouhisi. Kabla ya yote, soma sheria ya nchi uliyopo, maana kibali cha bunduki si lazima kiwe kibali cha kiwambo.

Kwenye kufunga ndiko watu wanakoharibu. Meno ya mtutu yanatofautiana: .308 za Kimarekani nyingi ni 5/8x24 (unene wa inchi 5/8, meno 24 kwa inchi), za Ulaya huwa M14x1, M15x1 au M18x1 (unene kwa milimita, meno yakiachana milimita 1). Yasipolingana, usilazimishe. Kiwambo kikae moja kwa moja kwenye bega la mtutu (ukingo mnene pale meno yanapoishia), chuma kwa chuma. Ile washa (pete ya chuma) laini inayojiponda ukikaza, inayokuja na vizima-mwako, usiiweke chini ya kiwambo wala chini ya kishikizo chake (kipande cha kukishikilia kwenye mtutu): hujiponda zaidi upande mmoja, kiwambo kinakaa upogo kidogo usioonekana kwa macho, na risasi inagonga kuta za ndani. Ukihitaji kurekebisha pembe ya kishikizo, tumia washa bapa ngumu. Kisha hakikisha bunduki haina risasi, pitisha ufito ulionyooka wa kipimo cha mtutu hadi utokeze kwenye tundu la mbele, uangalie nafasi iliyobaki kuuzunguka. Ikiwa finyu upande mmoja, usipige hata risasi moja.

Kiwambo cha kuskrubu moja kwa moja hulegea kwa joto na mtikisiko. Kila baada ya risasi kumi kikague ukiwa na glavu nene, maana kinaunguza, na mtutu uelekee salama muda wote.