Nafasi ya kwanza naipa besi

Hapa Kondele, mtaa wa Kisumu, ukitaja Queen, bendi ya roki ya Uingereza, mazungumzo yanaanza kwa Freddie Mercury na kuishia kwake. Sishangai. Ni mzaliwa wa Unguja, 1946, Farrokh Bulsara kwa jina la kwao, na sauti ile haina mfano. Lakini wote wanne katika bendi ile walikuwa watunzi, na kila mmoja ana kibao kilichovuma dunia nzima. Basi nimechukua wimbo mmoja wa kila mtu nikaupima kwa sikio langu mimi, mpiga besi wa kwaya.

Wa kwanza ni "Another One Bites the Dust" wa 1980, utunzi wa John Deacon, mpiga besi wao, yule mkimya ambaye kwenye rekodi zao hata kuitikia viitikio kwa kawaida hakuwa akiitikia. Sikiliza unavyoanza: uzi mnene kuliko zote unagongwa mara tatu, sauti ile ile, halafu kimya. Kimya hicho ndicho kinachokuinua kitini. Kidole kikichelewa kuuzima uzi, wimbo umeharibika. Jaribu mwenyewe uone. Ngoma ni kavu, gitaa linachungulia tu na kurudi nyuma, besi ndiyo inayosimulia. Sisi tuliolelewa na benga, muziki wa magitaa wa kwetu, tunalielewa jambo hili bila kufundishwa, maana kwetu besi haijawahi kukaa nyuma ya mlango. Inasemezana na gitaa la solo, na mara nyingine inaijibu kwa ukali. Matatu ikiupiga wimbo huu, kiti kinatetemeka na abiria wanatikisa vichwa, hata wasioujua.

Mercury namweka wa pili kwa "Somebody to Love", 1976, na nimemweka hapo kwa shingo upande. Ile kwaya kubwa unayoisikia ni watu watatu tu, Mercury, Brian May mpiga gitaa na Roger Taylor mpiga ngoma, waliorekodi sauti zao tena na tena na kuzipandanisha. Huwa nawachezea wenzangu wa sauti ya tatu wasikie namna ya kushikilia noti ya chini wakati soprano inapaa. Wanaipenda sana.

Wa tatu ni "'39" wa Brian May. Wasafiri wa anga za juu wanaondoka kutafuta makao mapya. Kwao umepita mwaka mmoja, wakirudi nyumbani imepita miaka mia. Gitaa lisilo la umeme, May anaimba mwenyewe, na mambo ya nyota anayajua: ndiyo aliyoyasomea hadi shahada ya uzamivu, 2007.

Roger Taylor anabaki wa nne na "Radio Ga Ga" ya 1984. Makofi ya kiitikio nayapenda, beti zinanipita. Wimbo wake bora kwangu ni "These Are the Days of Our Lives", ila ulitoka 1991, wakati tayari walikuwa wanaandika kila utunzi kwa jina la bendi nzima, ndiyo maana sikuuhesabu. Ningeuhesabu, May angeshuka.