Hesabu za mashine ya ami

Usiku mmoja wa mwaka 2018, baada ya Isha, ukoo ulikutana nyumbani kwa ami, Malindi, kuamua kama shamba lake liuzwe. Figo zake zilikuwa zimefeli. Wengi walikuja na swali moja: kadi ya NHIF, bima ya afya ya taifa ya Kenya wakati huo, si inalipa? Basi pesa zinakwenda wapi? Daftari la mchango nilikuwa nalo mimi, nikaambiwa nisome.

Kadi ililipa kweli. Aliyejiajiri alitoa shilingi 500 kwa mwezi, na bima ikailipa hospitali hadi 9,500 kwa kila dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, mara mbili kwa wiki. Kwa mwezi, hiyo ni zaidi ya 80,000. Mvuvi gani angezipata?

Kilichotumaliza kilikuwa pembeni ya mashine. Mashine za karibu zilikuwa na foleni, tukapangiwa Mombasa. Nauli ilikuwa 350 kwa mtu, na mgonjwa hasafiri peke yake: kwenda na kurudi, watu wawili, 1,400 kwa siku, karibu 12,000 kwa mwezi. Sindano za kuongeza damu tulinunua duka la dawa, mbili kwa wiki, 1,200 kila moja. Tena mwanawe aliyemsindikiza aliegesha bodaboda siku hizo, na mapato hayo yaliyopotea hayana risiti.

Shangazi akaniuliza, "Na hii 9,500, mwanangu? Si umesema bima inalipa?"

Hiyo ilikuwa dayalisisi ya tatu katika wiki moja, ambayo bima haikuigusa. Mtu ambaye figo zake hazitoi mkojo hubaki na karibu kila anachokunywa. Mashine huyavuta maji hayo kwa saa nne, na ukiyavuta mengi kwa pupa, presha huanguka. Ami alikuwa amefika na kilo tano za ziada, maji yameingia mapafuni. Madafu yalikuwa hatari mara mbili: ni maji, na yana potasiamu nyingi inayoweza kuusimamisha moyo. Ami, aliyekuwa akisikiliza yote, akasema dafu ni moja tu. Hakuna aliyemwamini.

Gharama kubwa kuliko zote ilikuwa mpira wa shingoni, uliopitisha damu kwenda kwenye mashine na kurudi. Uliingia vijidudu, kila mashine ikiwashwa, ami alitetemeka kwa homa, hadi akalazwa. Suluhisho ni fistula, yaani kuunganisha mishipa miwili ya damu ya mkono ili mashine itumie hapo badala ya mpira, lakini huchukua wiki sita au zaidi kukomaa, kwa hiyo kila wiki ya kuchelewa ni wiki nyingine ya mpira.

Tukakubaliana kadi ilipiwe mwaka mzima, 6,000 kwa mkupuo, maana wakati huo mwezi mmoja ukirukwa, idhini ya bima kwa mashine ilisimama. Mizani ya kumpima kila asubuhi ikanunuliwa. Shamba likabaki; iliyouzwa ni injini ya mashua, fedha zikaenda kwenye fistula. Nauli haikupata mlipaji usiku ule.