Siku moja maishani mwangu: mimi ndo mtu wa data kwenye shuti Kigamboni

Saa 11 alfajiri niko kwenye pantoni navuka, leo tunashuti tamthilia nje karibu na bahari. Kazi yangu ni kukopi kilichorekodiwa kutoka kadi za kamera kwenda kwenye diski, na kuhakikisha hakuna kilichopotea. Begi langu lina laptopu, rida za kusomea kadi, SSD mbili (diski za kasi, zisizozunguka) na eksteno moja ya diski ya kuzunguka.

Saa 1 nshapanga meza ndani ya gari la vifaa, mchanga na chumvi vinaua rida haraka sana. UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) lazima, maana jenereta likizima katikati ya kukopi, diski iliyofomatiwa kwa exFAT, mfumo wa kupanga faili, inaweza kuharibika yote.

Saa 4 asistenti wa kamera analeta kadi ya kwanza, GB 512 imejaa, ina teipu nyekundu, yaani haijakopiwa, hakuna kuigusa. Watu huniuliza si u-copy paste tu? Hapana jamani! Kompyuta ikisema imemaliza, imesema tu imeandika, haijarudi kusoma ilichoandika. Programu yangu inapiga hesabu ya kila faili kwenye kadi, kwa njia ya hesabu inayoitwa MD5 unapata herufi na namba 32, halafu inasoma kopi na kupiga hesabu upya, biti moja tu ikibadilika jibu linakuja tofauti. SSD dakika 20 hivi, ile ya kuzunguka inazidi saa nzima, na hapo bado uhakiki.

Saa 7 wenzangu wanakula, mimi faili moja limegoma, kwenye SSD ya pili namba hazilingani. Ukilifungua linacheza vizuri tu, kwa macho ungeapa ni zima. Nabadilisha kebo, nalikopi upya, zinalingana. Huku nyuma msaidizi wa prodyusa kashafika, "kaka tupe kadi basi, jua linaondoka." Dada, nipe dakika 10. Siwezi kulegeza hapo, kwenye hiyo kadi kuna mama mmoja kalia kweli kweli, teki moja, na direkta kasema harudishwi tena kwenye kile kilio.

Uhakiki ukipita diski zote tatu nakagua klipu kwa macho, mwanzo, katikati, mwisho, na faili za sauti, ndo napiga teipu ya kijani, yaani imekopiwa, inaweza kufutwa. Kadi inafomatiwa, yaani inafutwa, kwenye kamera yenyewe, siyo kwenye laptopu yangu.

Saa 2 usiku ripoti: kadi ipi, klipu ngapi, ukubwa gani. Diski moja anabeba prodyusa, moja mhariri, moja mimi, na hatupandi gari moja.