Excel ya Zoom haikuniingia mpaka nilipofungua faili la stoo

Mimi ni mtu wa stoo, duka la vifaa vya ujenzi huku Ngamiani Tanga. Mwaka jana bosi akatulipia mafunzo ya Excel, laivu kwa Zoom, Jumamosi tatu, masaa mawili mawili. Mbili za kwanza nisidanganye, nilikua naitikia tu, mwalimu anauliza "tuko pamoja?" watu wanaandika ndio na mimi naandika ndio, kamera nimezima natafuna mhogo. Jumatatu kazini hata pa kuanzia sipakumbuki. Na mifano yake ilikua imenyooka mno, faili langu mimi ni jalala.

Ya tatu nikajilipua. Mwalimu kauliza nani ana faili lake, nikawasha maiki nikashea skrini, bei nilishazifuta kabla maana hiyo siri ya bosi. Nilitaka VLOOKUP, ile fomula ya kutafuta, inivutie idadi ya mzigo kutoka shiti ya stoo ije kwenye shiti ya mauzo, inaniletea #N/A, yaani jina haijalipata, mstari hadi mstari. Nimeweka 0 mwishoni ili itafute jina lilelile, kolamu ya jina ipo ya kwanza kushoto kama alivyofundisha, wapi. Akaniambia ibonyeze seli ya nondo 12 mara mbili uone kale kamstari kanapepesa wapi. Kumbe baada ya 12 kuna nafasi tupu! Jicho halioni ila kwa kompyuta hayo majina mawili tofauti kabisa. Akanipa TRIM, inafyeka nafasi za mwanzo na mwisho na zilizozidi katikati, nusu ya zile #N/A zikapotea palepale na aibu ikapungua.

Nusu nyingine ilikua dhambi yetu wenyewe. Jumatatu sikungoja hata chai, nikakuta nondo moja ina majina manne: nondo 12, nondo mm12, nondo 12mm, na kuna mtu kaandika nodo. Hapo ndo nikakumbuka kile cha wiki ya pili nilichokiona cha kitoto, Data Validation, unaweka orodha kwenye seli mtu anachagua jina badala ya kuandika. Sasa bi mkubwa wa kaunta, yuko pale tangu mimi sijaajiriwa, akagoma, "mwanangu, daftari langu umeme ukikatika halizimi." Kweli bhana, ningebisha nini. Tukakubaliana mchana aandike daftari, saa kumi na moja jioni anasoma mimi nachagua. Kama wiki mbili hivi akachoshwa na uzito wa mkono wangu, akaninyang'anya mausi.

Baadae nikaweka na rangi, kitu kikishuka chini ya 20 kinakua chekundu. Juzi niko Muheza msibani simu inaita, bi mkubwa kafoka hata hajasalimiwa, "wewe, mabati geji 28 yamekua mekundu, umeyafanya nini?"

"Shikamoo mama. Sijayafanya kitu, yanakwisha hayo, mwambie bosi aagize."